Tupeane uzoefu: Ni siku gani ulikubali kwamba Kenny Payne hawezi tena kuinoa Louisville?

Mleta mada, Louisville

Ndugu zangu mashabiki wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Louisville, najua kwamba msimu wa kwanza wa kocha Pat Kelsey, aliyempokea Payne, uliwafanya wengi wetu watamani kuisahau miaka miwili iliyoutangulia. Hata hivyo, kila timu yetu ya chuo inapopoteza mechi mbili mfululizo nasikia ubishi uleule ukifufuka, mmoja akisema tatizo ni kocha na mwingine akisema ni wachezaji. Naomba basi kila mmoja aeleze yaliyompata yeye mwenyewe: ni lini alikubali kwamba Kenny Payne lazima aondoke, na kama hakukubali mpaka mwisho, atuambie kwa nini.

Naanza mimi. Nilifika mji huu mwaka 2012 nikitokea kambi ya Nyarugusu, na msimu wa kwanza niliouona ulikuwa ule wa Gorgui Dieng, kijana wa Senegal aliyesimama chini ya kikapu na kuwazuia watu kana kwamba analinda mlango wa nyumba yake. Tulitwaa ubingwa wa taifa Aprili 2013. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ililifuta taji hilo mwaka 2018, lakini mimi nililishuhudia, na ndilo lililonifunga na timu hii.

Kwa hiyo Payne alipoteuliwa Machi 2022 nilifurahi sana. Alikuwemo katika kikosi chetu cha kocha Denny Crum kilichotwaa ubingwa mwaka 1986, na sisi tuna msemo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Nilimtunza kwa muda mrefu. Tulifungwa na Bellarmine, chuo cha mlemle mjini, kwa pointi moja, kisha tukafungwa na Wright State kwa pointi moja, kisha na Appalachian State kwa pointi moja, na mara zote tatu niliwaambia wenzangu kazini kwamba pointi moja ni bahati tu. Tulianza na vipigo tisa kabla ya kuwafunga Western Kentucky 94-83 katikati ya Desemba, na msimu ukaisha kwa ushindi wa mechi nne na vipigo 28, ambavyo timu hii haikuwahi kuvipata katika msimu mmoja tangu ianzishwe. Bado nilisema apewe muda.

Siku yangu ilikuwa Oktoba 2023, msimu wa pili haujaanza rasmi, tulipofungwa mechi ya majaribio na Kentucky Wesleyan, chuo cha daraja la pili. Mwaka uliotangulia, Oktoba vilevile, tulikuwa tumefungwa 57-47 na Lenoir-Rhyne, nao wa daraja hilohilo. Katikati ya Oktoba hizo mbili zaidi ya nusu ya kikosi ilikuwa imebadilika. El Ellis alikuwa amekwenda Arkansas, na Skyy Clark na Tre White walikuwa wameletwa wawe nguzo mpya. Wachezaji walibadilika na kosa halikubadilika: mtu anaachwa peke yake pembeni, anapewa mpira, anatupa pointi tatu, na vijana wetu wanatazamana kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyepaswa kutoka. Nilikuwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya kituo cha vifurushi, nikisubiri zamu ya usiku. Nilizima redio kabla mechi haijaisha, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Mama wa wanafunzi wawili, Louisville

Asante, mzee, kwa kuleta mada hii. Mimi sikukubali mpaka mwisho, na nitaeleza kwa nini.

Watu wanasahau alichokikuta. Kocha Chris Mack alikuwa ameondoka Januari 2022, msimu ukiwa katikati, na uchunguzi wa NCAA ulioanzia enzi za kocha Rick Pitino ulikuwa bado haujaamuliwa. Uamuzi ulitoka Novemba 2022, na timu haikufungiwa kushiriki mashindano ya taifa ya Machi, lakini kufikia hapo usajili wa mwaka ule ulikuwa umekwisha kufanyika. Ni mzazi gani angemruhusu mwanawe asaini mahali ambapo haijulikani kama timu itaruhusiwa kucheza? Ndiyo maana alianza msimu akiwa hana mpanga mashambulizi halisi. Ellis ni mfungaji, na alimaliza msimu akiwa na wastani wa pointi 17.7 huku akilazimishwa pia kuuleta mpira mbele na kuwapangia wenzake. Kumhukumu kocha kwa msimu ule ni sawa na kumlaumu mpishi aliyepewa sufuria bila moto.

Tena nina sababu yangu binafsi. Mwaka 2019 niliteuliwa kuwasimamia wenzangu kumi katika kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi, nikakabidhiwa orodha ya zamu iliyokwisha kuvurugika, watu watatu wakaacha kazi wiki ya kwanza, na baada ya miezi mitatu nikaambiwa kwamba sifai. Hakuna aliyeniuliza nilikuta nini. Kila nilipomwona Payne amesimama mbele ya benchi, mikono kiunoni, uwanja wa KFC Yum! Center wenye viti zaidi ya 22,000 ukiwa umepwaya, niliikumbuka siku ile. Tulipowafunga Clemson Februari 2023 nililia jikoni, na wanangu wanashuhudia.

Kocha wa vijana, Dar es Salaam

Nawasalimu wote. Mimi sijawahi kufika Kentucky, bali nafundisha mpira wa kikapu kwa vijana hapa Upanga, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiamka kutazama vyuo vya Marekani, kwa kuwa mechi ya saa moja jioni kwenu majira ya baridi ni saa tisa usiku kwetu.

Dada aliyetangulia ameutetea msimu wa kwanza vizuri, na sehemu kubwa nakubaliana naye. Nilichokiona mimi ni kingine. Nina daftari ambamo huandika muda mpira unaokaa mkononi mwa mchezaji mmoja katika kila shambulizi. Vyuo vina sekunde 30 za kushambulia. Katika mechi tano za Louisville nilizoziandika msimu wa pili, mara nyingi sana zilipita sekunde 15 na zaidi mpira ukidundwa na mtu mmoja, wanne wakiwa wamesimama, kisha unatupwa mtupo wa kulazimisha saa ikiwa imebaki na sekunde tatu au nne. Hilo halitokani na uchache wa vipaji. Vijana wangu wa miaka 15, ambao wengine wanacheza kwa viatu vya kuazima, wanajua kwamba ukishatoa pasi unakata kwenda kikapuni au unakwenda kumzibia njia beki wa mwenzako. Ni mazoea yanayojengwa Jumatatu hadi Ijumaa, na anayeyajenga ni kocha.

Niliikubali hali halisi tarehe 13 Desemba 2023, Arkansas State walipowafunga 75-63 nyumbani kwenu. Kulikuwa kunakucha na muadhini alikuwa anaadhini. Niliandika neno moja kwenye daftari, "wamechoka", kwa sababu walikuwa hawarudi kuzuia, na timu isiyorudi kuzuia Desemba, msimu ukiwa bado mchanga, imeacha kumsikiliza mwalimu wake.

Shabiki wa Kentucky, Lexington

Mnivumilie mimi mtu wa upande wa pili, yaani Chuo Kikuu cha Kentucky, wapinzani wenu. Payne alikaa nasi miaka kumi, 2010 hadi 2020, akiwa msaidizi wa kocha John Calipari, na wachezaji warefu waliopita katika kipindi hicho mnawajua: Anthony Davis, Julius Randle, Karl-Anthony Towns, Bam Adebayo. Wengi wao wamemsifu hadharani kwa namna alivyowalea. Kwa hiyo aliposhindwa Louisville sikushangilia.

Ila msaidizi na kocha mkuu ni kazi mbili tofauti. Msaidizi humshika kijana mmoja pembeni akamrekebisha miguu na mikono kwa saa nzima, wakati kocha mkuu ana sekunde 30 za mapumziko mafupi kuwaambia watu watano jambo moja watakaloweza kulifanya. Payne hakuwahi kuwa kocha mkuu mahali popote kabla ya Louisville. Angepewa kwanza chuo kidogo, akakosea mbele ya watu 3,000 badala ya mji mzima, pengine leo tungekuwa tunazungumza mengine. Ubishi wenu wa kocha au kikosi umemwacha mtu wa tatu, yaani uongozi uliomteua.

Mfanyakazi wa ghalani, Louisville

Nitakuwa mfupi. Niliyeudhika naye si kocha, ni hesabu. Ilitangazwa kwamba kuuvunja mkataba wake kungegharimu takriban dola milioni 8, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, tulivumilia msimu wa pili mzima. Wakati huohuo vijana wa kusajiliwa nao wanahitaji fedha, kwa sababu tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Chuo kinachowaza fidia ya kocha hakiwezi kushindana vizuri sokoni. Mimi nilikubali siku niliyopewa tiketi mbili bure na jirani aliyekuwa na tiketi za msimu mzima, na aliponipa alisema tu, "Msiwapeleke watoto, watachukia mchezo."

Mchangiaji wa Bowling Green, Kentucky

Sisi wengine tulikuwa tumekwisha kukata tamaa, lakini kilichonifundisha zaidi ni mechi ya mwisho yenyewe. Jumanne tarehe 12 Machi 2024 NC State walitufunga 94-85 katika raundi ya kwanza ya mashindano ya ACC, ligi ya vyuo tunayochezea, na kesho yake Payne akafutwa kazi akiwa na ushindi wa mechi 12 na vipigo 52 katika misimu miwili. Nilidhani tumefungwa na timu mbovu, maana nao walikuwa wameingia kwa kuburuzwa. Wakashinda tena Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, wakatwaa ubingwa wa ACC kwa mechi tano katika siku tano, kisha wakafika nne bora za taifa. Tangu hapo sipendi tena kusema "kikosi kibovu" kirahisi, kwa sababu niliona kikosi kilichodharauliwa kikigeuka mbele ya macho yangu ndani ya wiki moja chini ya kocha yuleyule.

Na hapa nataka tuongelee kikosi kwa uzito wake. Kelsey alipofika kutoka College of Charleston mwishoni mwa Machi, hakubaki hata mchezaji mmoja kati ya waliokuwa na ufadhili wa masomo. Brandon Huntley-Hatfield na Mike James walikwenda NC State haohao, Clark akaenda UCLA, White akaenda Illinois. Kelsey akaijaza nyumba upya: Chucky Hepburn kutoka Wisconsin, Terrence Edwards kutoka James Madison, J'Vonne Hadley kutoka Colorado, na Reyne Smith, Mwaustralia aliyekuja naye kutoka Charleston. Msimu ukaisha kwa ushindi wa mechi 27 na vipigo 8, Hepburn akachaguliwa kuwa mlinzi bora wa ACC na Kelsey kuwa kocha bora wa ligi. Kwa wanaosema kocha mpya anahitaji miaka mitatu, jibu liko hapo.

Hata hivyo kuna kitu kinaniuma. Binti yangu ana miaka tisa, na huandika majina ya wachezaji kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha boksi alichokibandika mlangoni kwake. Amekibadilisha mara tatu. Mara ya mwisho aliniuliza kama ayaandike kwa penseli.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango yote. Kocha wa Upanga, habari ya daftari lako nimewasomea wenzangu kazini wakati wa mapumziko, na wawili wameanza kuhesabu sekunde kama wewe.

Kwa dada yangu, mama wa wanafunzi: nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Sufuria bila moto nakubali, na kuhusu msimu wa kwanza nafuta niliyoyasema huko nyuma mbele ya watu kwamba Ellis ndiye aliyetuharibia. Lakini msimu wa pili alikuwa na miezi sita ya kusajili, uchunguzi ulikuwa umekwisha, na Oktoba ikarudi vilevile. Hapo unasemaje?

Mama wa wanafunzi wawili

Mzee wangu, nasema hivi: Oktoba ile ya pili nilikuwa uwanjani, na nilichokiona ndicho ulichokisikia redioni. Sikukisema kwa mtu yeyote, hata kwa mume wangu, kwa sababu niliona nikisema nitakuwa nimejihukumu mwenyewe kwa yale yaliyonipata kazini. Msimu wa pili nakuachia. Wa kwanza siutoi, na mtu akija kuniambia kwamba vile vipigo vitatu vya pointi moja ni vya Payne peke yake, aje na daftari kama la kocha wa Upanga tukae mezani.