Malisho mpakani Nachingwea na Masasi, tunayapimaje kwa pamoja?

Mfugaji_Nachi: Wakuu habari zenu. Niko kamati ya malisho kijijini, huku Nachingwea. Ng'ombe wetu wanavuka kwenda upande wa Masasi, wao hawajui Lindi wala Mtwara, ila sisi tunapima nyasi mwezi wa sita na wenzetu wanapima wa kumi moto ukishapita, tukikaa kikao kila mtu na karatasi yake tunaishia kubishana. Sasa kijana mmoja katuletea ramani ya setilaiti ya mwezi wa kumi, kote kijani! Na mimi nimetoka huko juzi, chini ni udongo mtupu na vichaka. Tuiamini?

Ramani_Lindi: Mkuu ramani haijakosea, imesoma miti. Miombo inachipua kabla ya mvua, na mikorosho ndo usiseme, kijani karibu mwaka mzima. NDVI, yaani kile kipimo cha setilaiti kilichochora ramani hiyo, inapima ukijani tu, haichagui nyasi na mti. Tafuteni picha za mwezi wa tano na za wa saba, nyasi zinakauka mapema miti ikiwa bado na majani, pale zilipokuwepo utaona ukijani umeshuka ghafla. Picha za setilaiti ya Sentinel-2 ni bure, zipo toka 2015, kila nukta ya picha ni mita 10 ardhini. Za setilaiti ya Landsat ni mita 30 ila zinarudi nyuma sana, utaona hata hali ilivyokuwa kabla mifugo iliyoondolewa bonde la Ihefu, kule Mbeya, haijaletwa Lindi 2006/2007. Na ramani iwe moja, msiikate mpakani. Halafu mwaka mmoja wa mvua haba usiwatishe, angalieni miaka mingi.

Dada_Malisho: Naongezea, bila kushuka chini hiyo ramani ni nusu ya kazi. Tembea hatua 100 mstari ulionyooka, kila hatua angalia ncha ya kiatu imegusa nini, nyasi, kichaka au udongo, andika hapo hapo. Udongo ukitokea mara 40 basi ni asilimia 40, hata asiyejua kompyuta anaelewa. Pigilia kigingi, piga picha ukiwa umesimama hapo hapo kila mwaka. Na kaka, watu wa Masasi watembee na nyie mstari huo huo siku hiyo hiyo, wakihesabu wenyewe hawatabisha.

Mfugaji_Nachi: Asante sana dada, asante mkuu. Basi napendekeza wiki ya mwisho ya mwezi wa tano, watu watatu kila upande. Ila daftari likae kwa nani?

Dada_Malisho: Yawe mawili, na kila upande usaini la mwenzake kabla hamjatoka porini.