Mkufunzi wa kuandika maelezo ya makumbusho awe katokea fani gani? Naomba ushauri

kabati_la_kioo: Wakuu habari za mchana. Niko kwenye kajumba ka makumbusho huku wilayani, tuko wanne tu na tuna hela ya semina ya siku tatu, tunataka tuandike upya maelezo ya makabati yote maana ya sasa hivi wageni wanayapita kama hayapo. Walioomba kutufundisha ni watatu, mmoja alikuwa mhariri wa gazeti miaka kibao, mwingine mwanaakiolojia ana PhD, wa tatu anaandika matangazo ya biashara. Bosi keshampenda wa PhD. Mimi roho inasita ila hoja sina.

mama_kibatari: PhD itawalinda msiandike uongo, kusomwa ni habari nyingine. Chukua lile fuvu la Zinjanthropus alilolikuta Mary Leakey kule Olduvai 1959. Msomi ataanza na jina la kisayansi, aje tabaka la udongo, aje miaka milioni 1.75, mgeni keshahamia kabati la pili. Anayejua kuandika anakwambia "Angalia magego yake, halafu pitisha ulimi kwenye yako." Miaka itafuata na utaisoma.

fundi_koleo: Mnamuonea msomi bure. Sisi tulifundishwa na mwanahabari, siku ya kwanza raha tupu, ya pili tunashtuka kila ngoma imekuwa "ya ajabu" na "ya kale" hata zile za juzijuzi tu 😂 Mhariri afundishe, msomi akague.

mtu_wa_lindi: Freeman Tilden, yule ambaye kanuni zake sita za 1957 za namna ya kuwaelezea wageni watu wa hifadhi za Marekani wanazishika mpaka leo, alikuwa ripota wa gazeti na mwandishi wa riwaya na tamthilia, mambo ya hifadhi kayaingia utu uzima. Margareta Ekarv wa Sweden ndo usiseme, yeye alikuwa anaandika vitabu vyepesi vya watu wazima wanaojifunza kusoma, miaka ya 80 makumbusho ya posta Stockholm wakamwita. Kanuni yake, mstari herufi kama 45 tu, wazo moja, unakata pale mtu anapovuta pumzi. Sasa nchi iliyopitia kisomo cha watu wazima kama hii, kwenye orodha yako mwalimu wa kisomo yuko wapi?

kabati_la_kioo: Duh, hilo sikuliwaza kabisa. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu wa kisomo, ila makumbusho hajawahi kufanya kazi hata siku moja.

mama_kibatari: Muongeze. Na sivii weka pembeni, wape wote wanne kitu kimoja, maneno 50, waandike Kiswahili tangu mwanzo sio watafsiri Kiingereza. Bandika ukutani, kaa pembeni uone watoto wa shule wanamaliza ipi.

fundi_koleo: Na wa matangazo usimdharau, kukata maneno anajua. Msomaji wetu amesimama, miguu inamuuma, nyuma yake kuna mtoto analia anataka maji.

kabati_la_kioo: Nimewapa mbuzi ya kukunia nazi. Mwalimu kaleta yake jioni ileile, kaandika nyuma ya risiti ya duka. Wa PhD kapiga simu anauliza kama anaweza kupewa maneno 300. Mrejesho nitauleta.