Naomba ushauri: mume wangu ana tatizo la kumbukumbu tangu aumie kichwa miaka mitatu iliyopita

MkeWaSeremala (Morogoro)

Wakubwa shikamooni, na wengine wote nawasalimu. Mume wangu ni fundi seremala. Miaka mitatu iliyopita alikuwa abiria wa bodaboda bila kofia ngumu, wakagongwa na gari dogo, akazimia na kulazwa siku 19. Tuliambiwa kwamba damu ilikuwa imevilia sehemu ya mbele na ya ubavuni mwa ubongo. Kwa kuwa alirudi nyumbani akitembea na kuzungumza vizuri, ndugu walimshukuru Mungu wakaona yamekwisha.

Hayajaisha. Ya zamani anayakumbuka yote, hata maneno ya mshenga siku ya mahari, lakini ya leo asubuhi hayakai. Juzi nilimtazama akipima mbao ya mninga ya kitanda cha futi tano kwa sita. Alivuta tepu, akaisoma namba kwa sauti, akapeleka mkono sikioni kuchukua penseli, na penseli ilipofika kwenye mbao namba ilikuwa imeshapotea. Alirudia mara tatu, kisha akaketi juu ya mbao, akaniuliza taratibu, "Ni ngapi vile?" Hata hivyo, akishika randa, mbao inatoka laini kama zamani.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba mteja akija kudai meza, yeye husema kwa uhakika kabisa kuwa aliipeleka, na hueleza hata rangi ya geti, ilhali meza haijaanza kutengenezwa. Watu wanamwita mwongo. Mama mkwe anasema amefungwa, tumpeleke kwa mganga. Nami nimefika mahali pa kumkaripia mbele ya watoto, na usiku silali kwa kujuta. Je, kumbukumbu itarudi? Nimsahihishe au ninyamaze? Aache kazi?

MchumaKarafuu

Pole sana, dada yangu. Mimi nilianguka kutoka juu ya mkarafuu huku Pemba mwaka 2014, na hilo la namba kupotea kati ya jicho na mkono nalijua. Aishike penseli kabla ya kuvuta tepu, na namba aiandike juu ya mbao yenyewe wakati jicho bado limeitazama. Akigeukia kwingine, imekwenda.

La pili, awe na daftari moja tu. Mimi nilianza na vikaratasi kila mfuko, nikawa natafuta vikaratasi badala ya kutafuta nilichosahau. Sasa nina kijitabu kimoja kilichofungwa kwa uzi kwenye mkanda, na kila nikisikia adhana nakifungua, kwa sababu daftari lisilo na saa yake ya kufunguliwa nalo husahauliwa. Na tafadhali, msimuulize "Hukumbuki?" Swali hilo huuma kuliko jeraha lenyewe.

TibaKwaVitendo

Mama, mimi hufanya kazi ya kuwarudisha wagonjwa wa namna hii kwenye shughuli zao. Sehemu kubwa ya nafuu huonekana katika miezi ya mwanzo, na huendelea kwa kasi ndogo hadi mwaka wa pili na kuendelea, kwa hiyo baada ya miaka mitatu nisingekuahidi kwamba kumbukumbu itarudi kama ilivyokuwa. Utendaji wa kila siku, hata hivyo, bado unaweza kuboreka sana.

Hilo la geti si uongo. Ubongo ulioumia sehemu ya mbele huweza kujaza pengo kwa kipande cha tukio jingine, na mwenyewe huliamini kwa dhati. Usibishane naye wala usimkubalie. Sema, "Tutazame daftari," na daftari ndilo limsahihishe. Unapomfundisha jambo jipya, usimwache abahatishe, kwa kuwa kosa alilolitamka ndilo linaloweza kunata. Mpe jibu sahihi kwanza, umuulize baada ya dakika moja, kisha tatu, kisha kumi.

Kuhusu randa, kumbukumbu ya mikono hupita njia nyingine katika ubongo. Mmarekani Henry Molaison, ambaye baada ya upasuaji wa ubongo mwaka 1953 hakuweza kuhifadhi matukio mapya, alijifunza kuchora nyota kwa kuitazama kwenye kioo, akazidi kuwa hodari siku baada ya siku huku hakumbuki kuwahi kuichora. Kwa hiyo kazi asiache. Lakini niambie: je, kuna wakati anaduwaa?

Babu_Mbao

Binti yangu, oda usimwachie peke yake, na malipo ya awali yapokelewe kwa simu, si mkononi, maana ujumbe wa muamala hubaki na tarehe na kiasi. Hilo litamlinda dhidi ya wanaomwita mwongo na dhidi ya wanaoweza kumdhulumu. Msumeno wa umeme asiuwashe akiwa peke yake.

MkeWaSeremala

Nimelia kwa hilo la kutokuwa uongo. Ndiyo, huduwaa. Hutazama mbele kama dakika moja, anatafuna midomo, ukimwita haitiki, na baadaye hajui kilichotokea. Tulidhani ni mawazo.

TibaKwaVitendo

Mama, hilo lisisubiri. Kifafa si kuanguka na kutoa povu tu. Baada ya kuumia kichwa kinaweza kuja kwa namna hiyo hata miaka ikiwa imepita, na matukio hayo yanaweza kuidhoofisha kumbukumbu zaidi. Kina dawa. Mpeleke kwa daktari wa mishipa ya fahamu, umrekodi kwa simu likitokea, na hadi atakapopimwa asiguse msumeno wa umeme kabisa, hata akiwa na mtu. Maumivu ya kichwa yakizidi au usingizi ukiwa mzito kupita kawaida, nendeni siku hiyohiyo.

MkeWaSeremala

Tumepata miadi Jumanne. Mama mkwe nilimwonyesha maelezo yenu, akasoma mara mbili, akasema atakwenda nasi. Jana mume wangu alifunga penseli kwa uzi kwenye tepu, akapima mbao nne mfululizo, zote sawa. Jioni aliniuliza ni nani aliyeufunga ule uzi. Nikamfungulia daftari, akausoma mwandiko wake mwenyewe.