MJADALA: Petroli ya ZIL-130 lilikuwa kosa la nani?

Kila tukigusa malori ya Kisovieti hoja ni ileile: eti wahandisi wa ZIL, kiwanda cha malori cha Moscow, walichemsha, wakalipa lori lao la ZIL-130, la kubeba tani 5, injini ya petroli wakati Ulaya Magharibi inahamia dizeli. Mimi napinga. Kosa lipo, tena kubwa, ila tunambebesha asiyehusika.

Kwanza tuangalie walikotoka. ZIL-164 iliyokuwa ikitoka tangu 1957 ilikuwa ZIS-150 ya 1947 iliyofanyiwa marekebisho tu: silinda sita za mstari mmoja, nguvu za farasi kama 100. Ile ZIS-150 boneti yake ilifunguka kwa ubavuni, fundi anapenyeza mkono upande huu, kisha anazunguka upande wa pili. ZIL-130 ilipoanza kutoka mwaka 1962, na kwa wingi 1964, boneti ilifunguka kwenda juu kama kinywa cha mamba. Unakanyaga bampa, unainama, na V8 nzima, injini ya silinda nane, iko mbele yako, kabureta juu kabisa katikati. Lita 6, farasi 150, gia tano, usukani wa pawa. Kwa dereva aliyezoea kupigana na usukani wa ZIL-164 siku nzima, hayo hayakuwa mapambo. Na mgandamizo wa injini uliwekwa chini, 6.5 kwa 1, ili ikubali petroli ya daraja la chini, ya oktani 76, iliyokuwa ikipatikana hata vijijini.

Najua jibu litakalokuja: mbona injini ya dizeli ilikuwepo, ikitengenezwa kiwanda cha YaMZ mjini Yaroslavl? Ilikuwepo, kweli. Lakini YaMZ-236 ni V6 ya lita 11, imetengenezwa kwa malori makubwa kama MAZ. Ukiitia ile kwenye lori la tani 5 unabeba chuma badala ya mzigo. Halafu kuna baridi. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri dizeli ya kawaida inaganda nta ndani ya bomba, na lori linalolala nje linabaki hapohapo. Petroli nayo ilisumbua, madereva walikuwa wakipasha sampu ya oili kwa moto wa tochi ya mafuta, lakini gari liliwaka.

Kwa hiyo uamuzi wa mwanzo nautetea bila aibu. Kinachoniuma ni kilichofuata.

Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, kila lita iliyochomwa barabarani ilikuwa lita ambayo nchi ingeweza kuiuza nje kwa fedha za kigeni. ZIL-130 ilikula lita 30 hivi kwa kilomita 100. Na hapa ndipo wanaowalaumu wahandisi wananishangaza, kwa sababu lori la dizeli ambalo KamAZ ilianza kulitoa Februari 1976 lilichorwa na watu walewale wa ZIL, likiitwa ZIL-170. Wakakabidhi michoro kwa KamAZ, kiwanda kipya cha mji wa Naberezhnye Chelny, wao wakabaki na injini ya petroli yenye kabureta. Zaidi ya hapo, baadhi ya ZIL zilizouzwa nje zilifungwa dizeli ya Perkins kutoka Uingereza. Mteja wa nje anapewa dizeli, dereva wa Siberia anaendelea na petroli! Hilo haliamuliwi na mhandisi mezani kwake. Waliokuwa wakigawa fedha na mitambo ni wapangaji wa Gosplan, kamati ya mipango ya uchumi ya Kisovieti, na wizara, na wao walitaka idadi: zaidi ya malori milioni 3 yakatoka, na kusimamisha laini kubwa kiasi hicho ili kubadilisha injini kungeharibu takwimu za mpango.

Mwaka 1986 lori likabadilishwa jina, likaitwa 431410. Namba mpya, V8 ileile. ZIL-4331 yenye dizeli yao wenyewe ikaja 1987, miaka minne tu kabla ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, na soko lililoisubiri likawa linaporomoka.

Anayeshikilia kwamba kosa lilifanyika 1964 naomba anijibu hili moja: ni dizeli ipi ya Kisovieti ya mwaka ule ingeingia chini ya boneti ile, na bado lori libebe tani zake 5?