Laptopu inachemka mpaka 97, eti toleo zima la chipu hizi ni bovu? Msaada wakuu

mpigapicha_rockcity

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijafanya ujinga.

Nina laptopu ya gemu, nilinunua used mwaka jana mwezi wa tisa, kampuni siitaji nisije nikaambiwa naharibia watu biashara. Ina kadi ya picha yake yenyewe ya GB 6 na mimi wala sichezi gemu, naeditia video za harusi na sendofu. Miezi ya mwanzo ilikuwa poa kabisa. Sasa tangu kama mwezi wa tatu hivi nikianza tu kutoa video feni linanguruma kama mashine ya kusaga, ukiweka kiganja juu ya kibodi pale karibu na kioo huhesabu mpaka kumi, na kile kiprogramu cha kupima joto kinasoma 97. Kazi iliyokuwa inatoka kwa saa moja sasa inakula saa mbili na nusu. Na wiki hii kimeanza kitu kipya, mistari ya kijani na zambarau kwenye kioo, inakuja inapotea.

Nikauliza kwenye grupu letu la wapiga picha WhatsApp, balaa. Mmoja anasema chipu za mwaka ule zote zina kasoro na kiwanda kinajua kimekaa kimya, mwingine katuma voisi ya dakika nne eti shemeji yake yuko Dubai anauza kompyuta kamwambia kontena zima lilirudishwa. Nikampelekea fundi wa hapa mjini, hata hakuifungua, kaangalia mistari kasema "GPU (yaani chipu ya kadi ya picha) imeenda hiyo, niachie niichome, laki na ishirini".

Sasa naomba kujua, haya mambo ya toleo bovu yapo kweli au ni stori za vijiweni? Na hiyo kuchoma ndo nini hasa? Nina harusi ya kukabidhi Jumamosi na bibi harusi ananipigia kila siku saa 1 asubuhi.

kibopa_mtumba

Piga picha nzuri tupia mtandaoni uza fasta kabla haijafa. Ikiwa ya baridi haina mistari, mteja hatajua kitu.

Binti_Makorora

Huyu naye. Ndo nyie mnaotuuzia majeneza halafu mnabadilisha laini.

fundi_bisibisi

Mkuu usimpe mtu laki na ishirini kwa kuangalia tu mistari, tulia kwanza. Niko kwenye hizi kazi mwaka wa kumi na mbili na nikwambie tu, mashine kumi zikiletwa kwangu "GPU imekufa" nyingi nazirudishia mwenyewe kwa brashi na pesti mpya.

Kwanza hiyo 97 ni ya nini? Maana humo ndani kuna prosesa na kuna kadi ya picha, kila mmoja ana joto lake. Prosesa nyingi za Intel za laptopu kikomo chake ni 100, ikikaribia hapo inajipunguzia kasi yenyewe isiungue, ndo maana video yako inachelewa. Kwa hiyo 97 ya prosesa wakati wa kutoa video haipendezi ila siyo msiba. Kama ni 97 ya kadi ya picha hapo kweli kuna tatizo, hizo za laptopu huanza kujibana mapema zaidi, kwenye themanini na kitu. Weka HWiNFO, ni ya bure, itakuonyesha kila kimoja na mstari wake.

Pili, imeshawahi kufunguliwa tangu uinunue? Used imekaa kwa mtu miaka mitatu minne, wewe umeongeza karibu mwaka, pesti iliyoko kati ya chipu na lile bomba la shaba inakuwa imekauka kama udongo wa kikaango. Na mapezi ya kutolea joto yameziba. Unaweza ukawa na feni zima kabisa linapuliza ukuta.

Tatu mistari. Chukua waya wa HDMI chomeka kwenye tv. Kama mistari iko kwenye kioo cha laptopu lakini tv iko safi, chipu yako haina hatia, tafuta kwenye kioo au ule waya mwembamba unaopita kwenye bawaba. Ichezeshe kioo mbele nyuma taratibu uone kama mistari inacheza nayo. Kama mistari iko kote kote, na inaonekana hata pale unapowasha kabla Windows haijaja, hapo ndo turudi tuzungumze habari za chipu kwa huzuni.

mzee_wa_soketi

Niwape historia vijana maana naona mnalichukulia hili la toleo bovu kama uzushi mtupu. Lilishatokea, na lilianza hivi hivi kwa minong'ono.

Mwaka 2008 watu Marekani na Ulaya walikuwa wanalalamika laptopu zinakufa kioo, mwaka mmoja miwili tu, Dell, HP, nyingine na nyingine, na kila mmoja anaambiwa ni bahati yake mbaya. Tarehe 2 Julai mwaka huo Nvidia wenyewe, hao watengenezaji wa chipu za picha, wakawaambia wawekezaji wao kwamba wanatenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya gharama za waranti na matengenezo ya chipu za laptopu, sababu ikiwa malighafi dhaifu za kufungia chipu. Lakini hawakutaja ni chipu zipi! Hapo ndo uvumi ulipopata mbolea. Mwandishi mmoja Charlie Demerjian wa The Inquirer, gazeti la mtandaoni la habari za kompyuta, akashupalia kwamba chipu za Nvidia za G84 na G86 zote ni mbovu, siyo chache kama wanavyosema, kampuni ikakana, watu wakagawanyika kama Simba na Yanga.

Dell na HP wakatoa orodha za mashine zao wakaongeza waranti, wakatoa na apdeti ya BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Na hiyo apdeti ilikuwa inafanya nini? Inalifanya feni lizunguke zaidi. Basi. Watu wakasema hii ni dawa ya kusogeza kifo mpaka waranti iishe, na mimi sikuona kosa lao kusema hivyo. Apple ndo ilinifurahisha, mwezi Oktoba 2008 wakaandika waziwazi kwamba Nvidia waliwahakikishia MacBook Pro hazimo, wao wakachunguza wenyewe wakakuta zimo, zile zenye chipu ya Nvidia ya 8600M GT, wakasema leteni tutatengeneza bure.

Kesi ikafika mahakamani California, 2010 wakaelewana. Wenye HP wengine waliishia kupewa kompyuta ya bei chee badala ya mashine zao za maana, malalamiko yakaanza upya.

Kwa hiyo mdau, toleo bovu lipo duniani. Ila ona tofauti, pale palikuwa na namba za chipu, orodha za mashine, na kampuni iliyotoa hela. Wewe una shemeji wa Dubai.

Njoro254

😂😂 shemeji wa Dubai amekula za uso. Lakini wasee msidharau hiyo ya kuchoma. Mimi yangu ilikufa display kabisa, nikapeleka kwa fundi wa Luthuli, ile street ya electronics Nairobi, akaiweka chini ya hewa moto kitu dakika tano, ikawaka saa hiyo hiyo nikiona na macho. Nikamlipa 3,500 nikaenda nikifurahi. Na hata enzi za Xbox 360, ile mashine ya gemu ya Microsoft, watu walikuwa wanafunga taulo inapata joto inarudi. Kwa hivyo hiyo kitu inafanya kazi.

fundi_bisibisi

Njoro boss, iliishi muda gani baada ya hapo?

Njoro254

Wiki tano 😔

fundi_bisibisi

Umejijibu. Ngoja nieleze kidogo hii maana inawala watu hela kila mji.

Chipu ya picha siyo kipande kimoja. Kuna kile kioo kidogo cheusi kinachong'aa katikati, hicho ndo ubongo wenyewe, kimekaa juu ya kibao kidogo, na kibao kimekaa juu ya madabodi. Kati ya kibao na madabodi kuna vipira vya lehemu unavyoweza kuviona kwa jicho. Kati ya ubongo na kibao kuna vinundu vingine vya lehemu, vidogo sana, vingi sana, na vimezungushiwa gundi ya kuvishikilia. Sasa ubongo na kibao havitanuki sawa vikipata moto. Umewahi kulala nyumba ya bati ukasikia mchana linalia ta! ta! na jioni jua likizama linalia tena? Ndo hivyo hivyo. Bati linavuta misumari asubuhi na jioni mpaka siku moja msumari unalegea na hujui ni jua la siku gani lililolegeza. Kwenye zile chipu za 2008 waliozichambua walielekeza kidole hapo, vinundu vyenye risasi nyingi vilikuwa vigumu visivyopenda kukunjwa, na gundi ikawa inalainika mapema joto likipanda, inaacha kushikilia pale pale inapohitajika. Nyufa. Kilichoua zaidi ni kupanda na kushuka, washa zima washa zima, hata kuliko lile joto lenyewe. Na hiyo apdeti ya feni anayoisema mzee lengo lake lilikuwa hilo, joto lisirukeruke sana.

Sasa fundi akipuliza hewa moto, ufa unakutana kwa muda, inawaka, mteja anafurahi, analipa. Hakuna kilichopona. Na yule anayekuambia atabadilisha vipira vyote vya chini, kazi ya masaa, bei kubwa, huyo anabadilisha vya chini ya kibao wakati ufa uko juu chini ya ubongo, ila kwa vile katika kubadilisha lazima aipashe moto basi inawaka tena, anapewa sifa. Dawa ni chipu mpya kabisa, na kwa laptopu ya used hesabu yake mara nyingi hailipi.

Na nikiri, zamani nami nilichoma. Nilikuwa sijui. Waliorudi na waliokata tamaa kurudi wanisamehe.

mzee_wa_soketi

Hiyo Xbox ya Njoro nayo ilikuwa msiba wa aina yake, Julai 2007 Microsoft walitenga zaidi ya dola bilioni 1 na kuongeza waranti mpaka miaka mitatu kwa zile taa tatu nyekundu zilizokuwa zinawaka mashine ikifa. Taulo ilikuwa inaipasha moto tu, ni kuchoma kwa mwananchi wa kawaida.

Binti_Makorora

Na siyo zamani tu. Februari 2025 watu walinunua RTX 5090, kadi ya picha ya Nvidia, mpya wakakuta kwenye GPU-Z, programu ya kuisoma kadi, ROP (vile vitengo vya ndani vinavyomalizia picha) 168 badala ya 176, wakaambiwa wanazusha, Nvidia wakaja kukiri kwamba chini ya nusu asilimia ya kadi zimetoka na upungufu huo na zinabadilishwa. Ile 2022 ya plagi za umeme za kadi ya RTX 4090 kuyeyuka nayo mtandaoni ungedhani dunia nzima inawaka, kumbe Nvidia walisema wanajua kesi kama 50 hivi, na wakasema nyingi plagi haikuingizwa mpaka mwisho. Watu hawakuridhika lakini namba ilikuwepo ya kubishania. Mimi nikisikia toleo bovu nauliza model gani, nani kapima, kwa kifaa gani. Akianza "kuna jamaa" nakunywa chai yangu.

mpigapicha ulishapima na HDMI au unatusomesha tu?

mpigapicha_rockcity

Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya, bibi harusi amehamia WhatsApp sasa.

Nimechomeka kwenye tv ya sebuleni. TV SAFI KABISA. Mistari iko kwenye kioo tu, na nikikisukuma nyuma kidogo inapotea, nikikirudisha inakuja. Nilikaa pale nakifungua nakifunga kama mtoto, mke wangu ananiangalia tu.

HWiNFO inasema 97 ni prosesa, kadi ya picha ilikuwa 84.

Halafu nikaifungua kwa video za YouTube na bisibisi ya kuazima. Wakuu. Mnajua wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, sisi wa Mwanza tunawajua, mimi jioni naeditia barazani kwa sababu ya hewa, taa imewashwa. Wamo humo. Wamejaa kwenye mapezi wamechanganyika na vumbi wakawa kitu kama pamba ya godoro kuukuu, nimeking'oa kipande kizima kwa kibano. Yaani shemeji wa Dubai na kontena lake wote, kumbe ni wadudu wangu mwenyewe.

Pesti nimepata elfu nane Makoroboi, nimepaka, nimefunga, skrubu mbili zimebaki sijui za wapi. Prosesa sasa inaishia 83, kadi 71, na video iliyokuwa saa mbili na nusu imetoka kwa saa moja na dakika kumi.

fundi_bisibisi

Safi sana mkuu. Skrubu angalia ndefu na fupi, kama ndefu umeiweka pa fupi inaweza kutoboa hadi kwenye kibodi. Huo waya wa kioo usihangaike nao usiku, unakatika. Na hamia ndani ukieditia.

Njoro254

Skrubu mbili kubaki ni kawaida, mimi niko na kikombe mzima.

mpigapicha_rockcity

Kioo nimekiacha kwanza, naeditia kwenye tv mpaka Jumamosi ipite. Watoto wamenuna hawajaona katuni tangu juzi. Kama kuna mtu Mwanza anajua duka lenye waya wa kioo wa pini 40 anitumie ujumbe, yule wa laki na ishirini simrudii.