Tupeane uzoefu: istilahi za ushairi zilikuingiaje kichwani?

Mwanzisha uzi
Wapenzi wa ushairi, salaam. Nafundisha Kiswahili, na kila mwaka nakutana na wanafunzi waliokariri ukwapi na utao (vipande viwili vya mshororo, yaani mstari wa shairi), mloto na mleo (mishororo ya pili na ya tatu ya ubeti), lakini ukiwawekea shairi mbele wanakodoa macho. Nasadiki istilahi hizi huingia kwa sikio kwanza, fasili baadaye. Wewe ipi ilikutatiza, na nini kilikufungulia?

Mvita_wa_Kale
Bibi yangu alikuwa akighani Utenzi wa Mwana Kupona, ule wa mwaka 1858 ambao mama anamuusia bintiye. Mizani, yaani silabi, nane kila mshororo. Mishororo mitatu ya mwanzo hubadili kina (silabi ya mwisho inayofanana) ubeti hadi ubeti, wa nne unarudi palepale kwenye -ya. Darasani tulipofika kwenye kina cha bahari, kile kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti, sikuhitaji maelezo. Nilikuwa nakisubiri kila bibi anapovuta pumzi.

Mlezi_wa_Vina
Mimi ni mizani. Mjomba alinifundisha kwa kugonga meza, kila silabi gongo moja. "Mtu" inagongwa mara mbili, kwa sababu m inasimama peke yake. "Mbuzi" nayo mara mbili, lakini hapo m imeshikana na b, haihesabiwi pekee. Baada ya hapo alinipa mshororo wake:

Kisima mejaa maji, wachotaji hawafiki

Nikamwambia, mjomba, si "kimejaa"? Akasema gonga. Nikagonga: "kisima kimejaa maji" inatoa tisa. Akaidondosha ki, zikabaki nane. Inkisari niliielewa hapohapo, na mazida ikafuata yenyewe: huku unapunguza, kule unarefusha.

Mwanafunzi_KCSE
Asante @Mlezi_wa_Vina! Sisi uhuru wa mshairi, ile ruhusa ya kukiuka kanuni za lugha, tumepewa kama orodha: inkisari, mazida, tabdila (kubadili sauti ya neno bila kubadili idadi ya silabi), kuboronga sarufi (kupangua mpangilio wa kawaida wa maneno). Hakuna aliyetuonyesha kuwa ni mizani na vina vinavyomsukuma mtunzi huko. Swali: kibwagizo na kimalizio ni kitu kimoja?

Mwanzisha uzi
Hapana, mwanangu. Vyote viwili ni mshororo wa mwisho wa ubeti. Ukirudiwa kila ubeti ni kibwagizo, wengine huita kiitikio. Ukibadilika, ni kimalizio.

Huru_Daima
Msisahau mashairi huru. Nilipoisoma diwani ya Kichomi ya Kezilahabi, ya mwaka 1974, hapakuwa na vina vya kuhesabu, ikabidi nitafute kinachoshikilia shairi: takriri (kurudia maneno), taswira (picha za maneno), tashihisi (kukipa kitu sifa za mtu). Kwangu hizo ndizo zenye uzito. Ubeti wenye urari kamili lakini hauna picha hata moja, mimi unanichosha.

Mvita_wa_Kale
@Huru_Daima hapo hatupatani, ndugu yangu. Guni, shairi lisilo na urari wa vina na mizani, likighaniwa sikio linakwama. Lakini kuhusu picha tuko pamoja, na kile kisima cha mjomba ni istiari, kitu kinachosimama badala ya kingine, nzuri kabisa. Nimekitungia ubeti:

Kisima mejaa maji, wachotaji hawafiki
Wapita watu wa mji, ndoo zao hazishiki
Waiteni wafuaji, watuondolee dhiki
Maji bila mchotaji, nyumbani kwetu hafiki

@Mwanafunzi_KCSE, tafuta inkisari nyingine humo. Na atakayeleta ubeti wa pili ndiye ataamua kama mshororo wangu wa mwisho ni kimalizio au kibwagizo.