Mbwa ana homa inayorudi kila wiki mbili na ninyi mnachoma sindano za kukisia. Acheni!

Wakuu, nafungua uzi huu kwa hasira. Hapa Arusha kuanzia Njiro hadi Ngaramtoni, ukishuka Usa River mpaka Moshi mjini, mtu akisema mbwa wake ana homa na anatapika huduma ni ileile. Anakuja bwana mifugo na kibegi, anamgusa mbwa pua, anachoma sindano mbili tatu, anapokea hela, anaondoka. Joto hakupima. Uzito hakupima. Ufizi hakuangalia. Siku kumi baadaye homa imerudi, anaitwa tena, anachoma zilezile. Mwaka unaisha hivyo na mbwa amebaki mbavu tupu.

Tuseme wazi kilichomo kwenye hizo sindano. Mara nyingi ni oksitetrasaiklini ya asilimia 20 ile antibiotiki ya ng'ombe, deksamethasoni (deksa) ambayo ni steroidi, na diklofenaki ya kutuliza maumivu. Deksa ndiyo inayowahadaa wenye mbwa: inashusha homa ndani ya saa chache na kuamsha hamu ya kula, basi jioni mbwa anakula na bwana mifugo anasifiwa. Vimelea viko palepale kwenye damu, na kinga ya mwili imefungwa mikono. Diklofenaki mbwa hapaswi kupewa kabisa. Inachubua tumbo mpaka vidonda na inaumiza figo, na ikiwekwa pamoja na deksa hatari inaongezeka maradufu. Ndipo kutapika kunapozidi na kinyesi kinakuwa cheusi, kinanata kama lami. Hiyo ni damu iliyopita tumboni! Halafu mwenye mbwa anaambiwa "huyu ana tatizo la tumbo pia", anauziwa dawa nyingine. Tumbo mmeliharibu wenyewe, kisha mnalipiwa kulitibu. Na ninyi mnaowapa mbwa ibuprofeni ya nyumbani mko kwenye kosa hilohilo.

Sasa kwa nini homa inarudi. Ukanda wetu huu, mbwa mwenye homa ya kwenda na kurudi, anayekonda, anayetoka damu puani au mwenye vidoa vyekundu tumboni, wa kwanza kushukiwa ni kupe wa kahawia wa mbwa. Anabeba Erlikia, bakteria anayeishi ndani ya chembe nyeupe za damu, na anabeba Babesia, kimelea kinachopasua chembe nyekundu. Erlikia akitibiwa nusunusu anajificha kwenye wengu, mbwa anaonekana mzima wiki kadhaa au miezi, kisha anaanguka tena akiwa amepungukiwa damu.

Dawa ya Erlikia inajulikana: doksisaiklini miligramu 10 kwa kila kilo ya mbwa kwa siku, siku 28. Mbwa wa kilo 20 anahitaji miligramu 200, yaani vidonge viwili vya 100 kila siku, jumla vidonge 56. Mnawauzia watu vidonge kumi kwenye kibahasha na kusema "akimaliza atakuwa poa". Kumi vinamtosha mbwa huyo siku tano! Siku ya pili au ya tatu homa inashuka, siku ya sita dawa imekwisha, na bakteria wamebaki. Mnaita hiyo dawa kushindwa?

Babesia ni habari nyingine, haisikii doksi peke yake. Ufizi unakuwa mweupe au wa njano, mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi, mbwa anahema akiwa amelala. Huyo ni wa kuwahishwa siku hiyohiyo. Dawa yake, imidokabu, inachomwa miligramu 6.6 kwa kilo, ikirudiwa baada ya siku 14, na atropini inatangulia kupunguza udenda na kutapika. Dawa hii ikizidi inaua figo na ini, ndiyo maana kukadiria uzito kwa macho ni uhuni. Mizani ya bafuni inatosha: panda umembeba mbwa, kisha panda peke yako, toa. Mbwa mkubwa mpeleke dukani wanakopimia pumba.

Kupima damu kuna utaratibu, na hapa ndipo hasira yangu inapopanda zaidi. Damu ichukuliwe homa ikiwa juu na KABLA ya sindano yoyote. Tone moja kutoka ncha ya sikio kwenye kioo, nyingine kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau. Rangi ya Giemsa inayotumika kupimia malaria ndiyo hiyohiyo inayoonyesha Babesia. Arusha kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, kwa hiyo msiwaambie watu eti huku hakuna pa kupimia. Omba wahesabu chembe zote, hasa chembe sahani zile za kugandisha damu, maana Erlikia huzishusha sana na yeye mwenyewe huonekana kwa nadra kwenye kioo. Kioo kikiwa safi, Erlikia hajaondolewa lawama. Na kile kipimo cha haraka cha matone kinasoma askari wa mwili (kingamwili), ambao hubaki miezi mingi baada ya kupona. Msimrudishie mbwa dawa ya mwezi mzima kwa sababu ya mstari mmoja tu, huku anakula, hana homa na chembe sahani ziko sawa.

Wenye mbwa, nanyi nunueni kipimajoto. Kipake mafuta ya mgando, kiingize sentimita 2 hadi 3 njia ya haja kubwa, kiegemee pembeni ili kisizame kwenye kinyesi. Kawaida ya mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Kuna mbwa wanachomwa wakiwa na 38.9 kwa sababu mtu anahesabu kwa joto la binadamu! Mpime akiwa ametulia nusu saa, asiwe ametoka kukimbia au juani. Andika asubuhi na jioni: joto, alichokula, alichotapika, choo, dawa aliyopewa. Daftari la wiki mbili linamwonyesha daktari kama homa inakuja kabla ya tumbo au tumbo linafuata sindano. Ikifika 40.5 usisubiri kesho.

Tumbo likichafuka, mpe wali laini na kuku wa kuchemsha bila ngozi, sehemu tatu kwa moja, kidogokidogo mara nne au tano kwa siku. Bila kitunguu. Makombo ya mchuzi wenye vitunguu yanapasua chembe nyekundu, unakuja kudhani ni Babesia. Minyoo ya safura nayo inapunguza damu na kumharisha mbwa, kwa hiyo kinyesi kipimwe pia.

Na banda! Kupe huyu si wa majani kama wa ng'ombe. Kila hatua ya ukuaji anashuka, anapanda ukutani, anajificha kwenye nyufa na chini ya mabati, jike anataga maelfu ya mayai humo. Unamwogesha mbwa Jumamosi, Jumatano amejaa tena. Ziba nyufa, choma matandiko ya zamani, nyunyiza dawa ya kupe kuta mpaka juu, rudia kila wiki mbili kwa miezi miwili angalau. Kumwogesha mbwa, amitrazi (dawa ya kupe) ya asilimia 12.5 kwa mbwa mkubwa asiyeumwa ni mililita 2 kwa lita moja ya maji, asilambe mpaka akauke. Watoto wa mbwa na mbwa wagonjwa msiwaogeshe nayo. Dawa za josho za jamii ya fosfati ogania msiziguse, zinaua mbwa kwa sumu ya mishipa ya fahamu.

Kabla hajafungua kibegi, mwombe cheti cha usajili wa Baraza la Veterinari. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 inataka asajiliwe. Akikasirika, mfungulie geti atoke.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kama mbwa anaweza kupewa doksi na maziwa, hapana. Maziwa yanapunguza doksi kuingia mwilini. Mpe baada ya chakula kisha mnyweshe maji, kidonge kikikwama kooni kinaunguza. Dada wa Kiboriloni, siku nne za doksi kwa kipimo kamili na homa bado iko 40, usiendelee kusubiri siku 28. Rudisha damu maabara, huyo ana kitu kingine au ana viwili kwa pamoja.